Jina la pili la mtoto wa kiume: la baba, la babu, la wakati au la dini?

Jina la kwanza limeshapatikana. Yusuf, tuseme, au Daniel. Mama kalipenda, baba hakupinga, na bibi kalitamka mara mbili tatu akaridhika. Iliyobaki ni nafasi ya pili, na hapo ndipo nyumba inapogawanyika: shangazi anataka la marehemu babu, baba anataka lake, na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa iko mezani na kisanduku kitupu.

Mombasa jambo hili lina ugumu wake, kwa sababu watu wa mji mmoja hawaitumii nafasi hiyo kwa kazi moja. Kibokoni jina la pili ni la baba na hakuna anayeuliza. Mikindani, kwa jirani aliyetoka Siaya au Machakos, la pili ni la mtoto mwenyewe, la baba linangoja zamu ya tatu. Kwa Wagiriama wa Kisauni huenda likawa la babu. Ndiyo maana ushauri wa "chagua linalosikika vizuri" haufiki mbali. Kabla ya sauti, ujue jina hilo unalipa kazi gani.

Vya kupimia

*Kazi.* Jina la pili hujibu swali moja kati ya mawili: "huyu mtoto wa nani?" au "huyu ni yupi?" Mara chache hujibu yote mawili. Wazazi wengi hubishana juu ya majina kumbe wanabishana juu ya swali.

*Sauti.* Jina la kwanza likiishia kwa irabu na la pili likaanza kwa irabu ileile, mdomo huyaunganisha. Musa Athman huwa Musathman. Ali Idris huwa Alidris. Majina mawili yanayomalizika kwa mlio mmoja, Rashid Khalid kwa mfano, huchosha sikio, na likija la tatu kama Hamid inakuwa wimbo wa chekechea. Angalia na urefu: fupi kwa refu (Ali Abubakar) au refu kwa fupi (Suleiman Said) hukaa vizuri kuliko mafupi mawili au marefu mawili. Jaribio ni rahisi. Mwite kwa majina yote mawili kama anayemwita kutoka dirisha la ghorofa ya pili, magharibi imeingia na mtoto bado yuko kwenye mpira. Linalomezwa njiani ndilo litakalomezwa darasani.

*Karatasi.* Cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa karatasi zote: shule, mtihani, kitambulisho, pasipoti. Kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, chini, kuna mistari miwili inayosomwa na mashine. Jina lina nafasi 39 tu, pamoja na alama zinazotenganisha majina. Chukua Abdulrahman (herufi 11), Abdulhakim (10) na Muhyiddin (9): jumla 30, na alama tatu, 33. Yanaingia. Ongeza jina la ukoo la herufi sita na alama yake, unafika 40, na herufi moja inakosa pa kukaa. Mashine haina nafasi ya kikato cha juu wala kistari: Ng'ang'a anakuwa NGANGA, na jina lenye kistari katikati linatenganishwa kuwa mawili.

*Mdomo wa watu.* Mtaani jina hukatwa. Mohamed ni Moha, Ibrahim ni Ibra, Abdulrahman ni Abdu. La pili husahaulika mpaka siku darasa moja lina akina Mohamed watatu. Hapo mwalimu huanza kuita mawili mawili, na jozi hiyo ndiyo inayobaki.

Njia ya kwanza: jina la baba

Hii ndiyo desturi ya Waswahili na Waislamu wengi wa Pwani. Ali Salim Mohamed ni Ali, mtoto wa Salim, mtoto wa Mohamed. "Bin" imeanguka kwenye karatasi lakini siku ya nikaha inarudi.

Kazi yake huonekana vizuri zaidi penye familia kubwa. Ndugu watatu, Ali, Omar na Hassan, kila mmoja kampa kifungua mimba wake jina la baba yao, Salim. Sasa kuna Salim Ali Salim, Salim Omar Salim na Salim Hassan Salim, wote wanakula Idi kwenye sinia moja. Jina la kwanza halitofautishi, la tatu halitofautishi. La katikati ndilo linalobeba mzigo wote, na nyumbani watoto wenyewe huitwa hivyo: Salim wa Ali, Salim wa Omar.

Linakwama penye sehemu mbili. Ya kwanza ni mapacha. Hassan na Hussein ni majina yanayopendwa sana kwa mapacha wa kiume. Baba akiwa Ali, babu Omar, unapata Hassan Ali Omar na Hussein Ali Omar: tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja, majina mawili ya mwisho sawa, na herufi za mwanzo H.A.O. kwa wote wawili. Karani aliyechoka humwandikisha mmoja mara mbili. Kwa mapacha, afadhali majina ya kwanza yaanze kwa herufi tofauti, hata kama Hassan na Hussein wanavutia.

Ya pili ni mzunguko wa babu na mjukuu. Babu ni Ali Mohamed, mwanawe Mohamed Ali, mjukuu Ali Mohamed tena. Karatasi ikiandikwa majina mawili tu, babu na mjukuu ni mtu mmoja. Hakuna anayehisi tatizo mpaka siku ya mirathi, hati ya kiwanja inapotolewa mbele ya kadhi na lazima ithibitishwe Ali Mohamed ni yupi. Jina la tatu halisaidii hapa, kwani litakuwa Ali kwa wote wawili. Kinachosaidia ni la ukoo, au kumpa mjukuu jina la babu wa upande wa pili.

Upande wa sauti, njia hii inageuza swali. La pili halichaguliwi. Linalochaguliwa ni la kwanza, kwa kulipima na la baba. Baba akiwa Ali, epuka ya kwanza yanayoishia kwa "a": Musa Ali, Isa Ali na Yahya Ali yote huteleza. Idris Ali, Harun Ali, Faraj Ali yanasimama. Baba akiwa Abdulrahman, mpe mtoto jina fupi, Said au Omar. Baba akiwa Said, waache akina Rashid na Hamid wapite.

Karatasi: jina la baba liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, si kama linavyotamkwa. Kitambulisho kikisema Khamis, cheti cha mtoto kisiseme Hamisi. Ni hivyo pia kwa Swaleh na Saleh, Athman na Uthman, na ile safu ndefu ya Mohamed, Mohammed na Muhammad. Majina ya Abdul yana mtego wake. Ukiandika "Abdul Rahman" kwa nafasi, kompyuta huyaona mawili, na siku moja mtoto anatoka kwenye orodha ya shule akiwa Abdul tupu, yaani "mja wa", bila kusema wa nani. Andika neno moja.

Inamfaa nani? Familia inayoishi kwa nasaba, yenye majina machache yanayorudiwa, na yeyote atakayehitaji karatasi za nchi za Ghuba, ambako fomu huuliza la baba na la babu. Kwa mtoto Mwislamu anayelelewa na asiyekuwa babake, Qurani ina amri katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, ya kuwaita watoto kwa baba zao. Jina la mlezi lisiingie nafasi hiyo.

Njia ya pili: jina la babu, au jina la mila

Hapa la kwanza huwa la kanisani au la shuleni, la pili ni la urithi, la tatu ni la baba: Emmanuel Karisa Charo. Kwa Wagiriama mjukuu wa kiume humrudisha babu yake mzaa baba. Kwa Wakikuyu kifungua mimba wa kiume ni wa babu wa upande wa baba, wa pili ni wa upande wa mama. Kazi ya jina, basi, ni kujibu yote mawili kwa nusu nusu. Linasema ukoo, na pia ni la mtoto mwenyewe, kwa kuwa nduguye hatapewa hilohilo.

Sauti ndiyo nguvu yake. Katana, Kahindi, Kazungu, Baya, Charo, Ngala: karibu yote huanza kwa konsonanti na kuishia kwa irabu, silabi mbili au tatu. Yanakubali jina la kwanza lolote. Daniel Katana, Joshua Baya, Brian Charo, hakuna kuteleza. Tahadhari ni herufi K. Kelvin Kahindi Katana yanapendeza masikioni, lakini herufi zake za mwanzo ni K.K.K., na siku atakapoomba chuo Marekani atakuta kwamba huko hizo ni herufi za kundi la wauaji wa kibaguzi. Andika herufi tatu za mwanzo pembeni kabla ya kuamua. Ni kazi ya sekunde tano.

Kwenye mdomo wa watu kuna heshima. Nyumba nyingi za Pwani mke hamtaji baba mkwe kwa jina, kwa hiyo mtoto aliyepewa jina hilo huishia kuitwa "Babu" au "Mzee" na mama yake mwenyewe. Si tatizo, ila walimu wa chekechea watamshangaa mtoto asiyeitikia jina lake. Mzoesheni mapema.

Ugumu wa kweli ni pale baba na mama wametoka kwenye mila tofauti, na Mombasa nyumba hizo ni nyingi. Mgiriama na Mkamba, babu wa nani anatangulia? Wanaoelewana mapema hugawana kwa zamu: wa kwanza upande wa baba, wa pili upande wa mama. Wanaoahirisha mpaka wodini hujikuta wakiamua kwa simu, mzee mmoja akiwa hewani na mwingine akisikia habari kwa watu.

Kwenye karatasi, angalia kikato cha juu. Jina lenye ng' litaandikwa nacho ofisi moja na bila hicho ofisi nyingine. Huwezi kuzuia, unachoweza ni kuhakikisha cheti cha kuzaliwa kimekiweka.

Njia hii inawafaa wanaotaka mila iendelee bila kuifunga kwenye jina la kwanza, na mtoto ambaye jina lake la kwanza ni la watu wengi mno.

Njia ya tatu: jina la wakati

Mtoto kazaliwa Alhamisi saa mbili usiku. Kwa Mswahili aliyeshika hesabu ya zamani huyu si Khamis, ni Juma, kwa sababu jua lilishazama na usiku huo ni usiku wa Ijumaa. Kwa Mjaluo ni Otieno, kwa kuwa ni usiku. Kungekuwa na mvua, huenda angekuwa Okoth. Kwa Mbukusu jina lingeangalia msimu: Wafula wa mvua, Wekesa wa mavuno, Simiyu wa kiangazi. Majina haya hayamdai mtu heshima, hayagombanishi mababu, na yanabeba habari ya kweli kuhusu mtoto mwenyewe.

Lakini nafasi ya pili si salama kwa yote. Brian Otieno Ouma husomwa sawa popote: Otieno ni lake, Ouma ni la baba. Yusuf Juma Salim, mbele ya Waswahili, husomwa kwamba baba ni Juma. Kwa Mwislamu wa Pwani, Juma, Khamis, Rajab, Shaaban na Ramadhan ni bora yakae nafasi ya kwanza.

Sauti: majina mengi ya kiume ya Kijaluo huanza na O. Jina la kwanza linaloishia kwa "o" litagongana nalo. Leo Otieno huwa Leotieno, na kwenye sikio la Kiswahili Leo ni siku ya leo, utani hautaisha. Felix, Kevin, Collins hukaa vizuri.

Jambo moja dogo kuhusu Ramadhan na wenzake: mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa ndani ya mfungo, akitimiza miaka kumi kwa kalenda ya cheti, mwezi mtukufu utakuwa umetangulia siku yake kwa zaidi ya miezi mitatu. Atauliza. Jiandae kumweleza.

Inamfaa familia isiyotaka mgogoro, na mapacha hasa: Opiyo aliyetangulia na Odongo aliyefuata wanatofautishwa na karatasi yoyote, mradi majina yao ya kwanza yasianze kwa herufi moja.

Njia ya nne: jina la pili la dini

Mohamed Amin, Ahmed Nur, John Paul, Emmanuel Joseph. Wazazi huipenda kwa maana yake, na maana ni sababu nzuri. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inasema majina yanayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdulrahman, na wengi hutaka mojawapo liingie mahali. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 855 ya sheria ya Kanisa inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Hailazimishi jina la mtakatifu. Kwa hiyo mtoto anaweza kubatizwa Charo, na anayekuambia haiwezekani amesikia vibaya.

Udhaifu wake kwa Mwislamu wa Pwani ni uleule wa Juma. Mohamed Amin Salim: msomaji atadhani Amin ni baba na Salim ni babu. Dawa ni kuyaunganisha kuwa neno moja, Mohamedamin, haipendezi macho lakini inahifadhi nasaba. Kistari hakisaidii, tumeshaona mashine ya pasipoti inavyokifanya. Kwa Mkristo shida ni tofauti: jina la ubatizo likija miezi mingi baada ya cheti, mtoto anakuwa na cheti cha ubatizo chenye jina moja na cha serikali chenye jingine. Kama jina la ubatizo linajulikana, lipelekwe kote kuwili tangu mwanzo.

Sauti ni nzuri kwa kawaida, maana jozi nyingi zimeshazoeleka. Inawafaa wanaoweka maana mbele ya nasaba, na wenye jina la ukoo la kudumu linalokaa mwisho, ambao hawahitaji nafasi ya pili kwa baba.

Kwa hali yako

Kama jina la baba na la babu ni lilelile linalozunguka, usianze na la pili. Anza na la kwanza, na ulete jina jipya kwenye mzunguko. Kizazi kimoja cha Idris kinatosha kuondoa utata wa akina Ali wawili.

Kama ndoa ni ya mila mbili, jina la wakati ni njia fupi ya amani kwa mtoto wa kwanza. Kama wazee wote wako hai na wanazungumza, la babu lina thamani kubwa zaidi, na zamu ziwekwe wazi kabla ya mimba ya pili.

Kama mama anaandikisha peke yake: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 12 cha sheria ya uandikishaji wa vizazi, kilichozuia jina la baba asiyeoa kuandikwa bila maombi ya wote wawili. Akiamua kuliacha, jina la babu mzaa mama katika nafasi ya pili husomeka kwa kawaida kila mahali na halizui maswali shuleni.

Kama ni mapacha, chochote kinachotofautisha herufi za mwanzo. Hapo tu tungeweka karatasi mbele ya desturi.

Na kama saba haijafika na hamjaamua, ngojeni. Kwa Waislamu, akika, yaani kuchinja kwa ajili ya mtoto, na kunyoa ni siku ya saba. Mtoto hadhuriki kwa kuitwa "mwana" kwa siku hizo. Sheria inatoa miezi sita ya kuandikisha kabla ya kuhesabiwa umechelewa, na kifungu cha 14 cha sheria ileile ya vizazi (Sura ya 149) kinamruhusu mzazi kubadilisha jina lililoandikwa ndani ya miaka miwili tangu kuandikishwa. Baada ya hapo njia ni hati ya kubadili jina kupitia kwa wakili, kusajiliwa, na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na gharama si ya mchezo.

Siku ya kwenda, msilitaje jina kwa mdomo. Liandikeni kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, kila jina mstari wake, la baba likinakiliwa kutoka kitambulisho chake. Mkabidhi karani karatasi hiyo, kisha akimaliza, kabla hujaondoka dirishani, soma alichoandika ukianzia herufi ya mwisho kurudi ya kwanza. Ukisoma kwa njia ya kawaida macho husoma jina unalolitaka. Ukisoma kinyumenyume ndipo unapoona Swaleh imepoteza w.